Kupindua, Kung'oa, Kung'atuka

Tarehe 2 Novemba 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuivamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Waliokuwa na umri wa kusikiliza redio mwaka ule bado wanayakumbuka maneno matatu aliyoyapanga kama mafiga: sababu, uwezo, nia. Juu ya yote matatu aliinjika kitenzi kimoja, kumpiga. Hotuba ile imesifiwa sana kwa mpangilio wake, nami naisifu. Lakini kwa miaka mingi kilichonishika mimi ni herufi moja iliyo ndani ya kitenzi hicho: m.

Hiyo m ni ya mtu. Angekusudia nchi, sarufi ingemdai aseme kuipiga. Angekusudia wananchi, angesema kuwapiga. Na Mwalimu hakuwa mtu wa kuteleza katika jambo la namna hii. Mwaka 1963 alikuwa amechapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo kiini chake ni swali hilihili: nani ana haki ya kumwondoa mtawala, na kwa njia gani. Aliujua uzito wa kiambishi. Alisema kumpiga, na nchi nzima ikampa huyo m jina lake: nduli.

Sasa tazama sheria inalinda nini. Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 inakataza kutumia nguvu, au kutishia kuitumia, dhidi ya mipaka ya nchi au uhuru wake wa kisiasa. Kinacholindwa pale ni nchi, ni dola. Nchi, dola na serikali kwa Kiswahili vyote vimo katika ngeli ya i-zi. Mtawala yumo katika ngeli ya watu. Sheria inailinda i, Mwalimu alimlenga m. Na ugumu wote wa jambo ninalotaka kulizungumzia umo katika hilo: hakuna kombora liwezalo kumfikia m pasipo kupita katikati ya i.

Mkataba uleule unaacha mlango mmoja, nao ni Ibara ya 51, haki ya kujihami. Hapa Kiswahili kinatusaidia kwa kiambishi kingine, ji. Kujihami ni kuihami nafsi yako, na wanasheria wanakubaliana kwamba haki hiyo ina kipimo chake: nguvu inayotumika ilingane na hatari iliyopo. Kagera ilikuwa ndani ya ji yetu, hilo halina mjadala. Amin mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera sasa ni ya Uganda. Lakini ndani ya miezi michache ardhi ilikuwa imerudi mikononi mwetu. Januari 1979 majeshi ya Tanzania yaliitwaa Mutukula, ng'ambo ya mpaka. Februari, Masaka na Mbarara. Tarehe 11 Aprili, Kampala. Je, ji ya Watanzania ilienea hadi Kampala?

Jibu la Mwalimu ni la mtu aliyeelewa kwamba kiambishi kimoja hakitoshi. Alisema vinapiganwa vita viwili: Watanzania wanapigania usalama wa nchi yao, na Waganda wanapigana kumwondoa dikteta wao. Kwa maneno yangu mimi: Watanzania wanajihami, Waganda wanajikomboa. Kila vita na ji yake. Nimeirudia hoja hiyo mara nyingi na kila mara naona jinsi alivyokuwa mwangalifu. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara yanaweka idadi ya waliouawa chini ya Amin kufikia watu 300,000. Kama kulikuwa na kiongozi aliyekuwa na kisingizio tayari cha kusema tunaingia Uganda kwa sababu ya haki za binadamu, ni yeye. Hakukitumia kuwa ndio msingi wake wa kisheria. Alimshutumu Amin kwa mauaji miaka na miaka, ila serikali yake ilipojieleza mbele ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Julai 1979, ilisimama juu ya uvamizi wa Kagera. Hata hivyo ililaumiwa, na Rais Nimeiry wa Sudan alikuwa mmoja wa waliolaumu hadharani.

Nikiri pia palipo na ufa. Ji ya Waganda ilishonwa Moshi, katika mkutano wa tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, ambapo vikundi vya wakimbizi vilijiunga kuwa chama kimoja cha ukombozi chini ya Yusuf Lule. Moshi ni Tanzania. Na sehemu kubwa ya jeshi lililoingia Kampala ilikuwa ya Tanzania. Vita viwili vilikuwepo, lakini kimoja kilikuwa kimembeba mwenzake mgongoni.

Nimeanza na Uganda kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu istilahi tunayoitumia siku hizi kuyataja mambo haya isingeweza kuyasimulia. Istilahi hiyo ni mabadiliko ya utawala. Tunaisikia kwenye taarifa za habari kila nchi kubwa inapoitaka serikali fulani iondoke. Imeingia kwetu kwa tafsiri, na umaarufu wake umetokana zaidi na Iraq: mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofanya kuuondoa utawala wa Saddam Hussein kuwa sera ya nchi ile, na Machi 2003 sera ikawa vita. Mwaka uliofuata, Kofi Annan, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliiambia BBC kwamba vita vile, kwa mtazamo wa Mkataba wa Umoja huo, vilikuwa kinyume cha sheria.

Tuivunjevunje istilahi hiyo. Mabadiliko yametoka kwenye kubadilika. Ile -ik- ndiyo ya kikombe kimevunjika, maziwa yamemwagika, nguo imechanika. Mtoto aliyekiangusha kikombe anaijua -ik- hiyo vizuri kuliko profesa yeyote wa isimu: ukimuuliza, atakwambia kimevunjika, na mvunjaji atakuwa ametoweka ndani ya kitenzi. Mabadiliko ya utawala yanatokea kama mabadiliko ya hali ya hewa. Hakuna aliyebadilisha, hakuna aliyebadilishiwa. Na swali la kwanza ambalo sheria ya kimataifa inauliza, swali linaloamua karibu kila kitu, ni lile ambalo istilahi hiyo imelifuta: nani?

Neno la pili, utawala, nalo lina matatizo yake. Linatoka Uarabuni, na kwetu limekuwa mtumishi wa kila kazi. Ofisi ya chuo inayoshughulikia mishahara ni utawala. Ukoloni ulikuwa utawala. Serikali iliyoendesha nchi kwa kisu na gunia ni utawala, na serikali safi tunayoiomba ni utawala bora. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa neno lao la utawala na kulitia ladha ya dharau, kiasi kwamba kuitaja serikali kwa neno hilo ni kuihukumu nusu ya hukumu. Kiswahili hakina dharau hiyo, nami nafurahi, maana sheria haina serikali za daraja la pili ambazo Ibara ya 2(4) haizihusu. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa namba 2625 la tarehe 24 Oktoba 1970 linaikataza kila nchi kuandaa, kusaidia, kuchochea, kufadhili, kushawishi wala kuvumilia vitendo vya kuuangusha kwa nguvu utawala wa nchi nyingine. Vitenzi sita, na kila kimoja kina mtenda. Waandishi wa azimio lile hawakuiachia -ik- nafasi.

Lakini hapo ndipo mtu mwenye uchungu anapouliza: na haki za binadamu je? Serikali inapochinja watu wake, sheria ya haki za binadamu haisemi kitu?

Inasema, na inasema mengi. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 21, linasema matakwa ya watu ndiyo msingi wa mamlaka ya serikali. Utangulizi wake unakiri waziwazi kwamba haki zisipolindwa na sheria, binadamu atalazimika mwishowe kuasi dhidi ya udhalimu. Mikataba miwili ya haki za binadamu ya 1966 inafunguka kwa ibara moja ya pamoja, kwamba watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao. Kujiamulia: ji tena. Na mkataba wetu wenyewe wa Afrika, ule uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kazi mwaka 1986, unakwenda mbali kuliko hiyo yote. Ibara yake ya 20 inawapa watu waliotawaliwa na wanaokandamizwa haki ya kujinasua kwa njia yoyote inayotambuliwa na jumuiya ya kimataifa.

Mkataba huo tunauita wa Haki za Binadamu na Watu. Wageni huliona jina hilo kama kurudia jambo, kwani binadamu si ndio watu? Kwa Kiswahili tofauti inasikika ukitega sikio. Binadamu ni mwana wa Adamu, mmoja mmoja, aliye uchi mbele ya askari. Watu ni kundi lenye jina, kumbukumbu na makaburi ya wazee wake. Haki ya kutoteswa ni ya binadamu. Haki ya kuiondoa serikali ni ya watu. Mtu mmoja hana haki hiyo, hata awe jenerali. Na nchi jirani haina, kwa sababu si yenyewe inayotajwa katika ji ya kujiamulia.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko Hague ililisema hilo bila kuzungusha tarehe 27 Juni 1986, katika shauri la Nicaragua dhidi ya Marekani. Marekani iliwapa waasi mafunzo, fedha na silaha, na miongoni mwa hoja zilizozunguka suala lile ilikuwapo ya haki za binadamu nchini Nicaragua. Mahakama ilisema Marekani inaweza kuwa na maoni yake kuhusu hali ya haki Nicaragua, lakini nguvu za kijeshi haziwezi kuwa njia ifaayo ya kuhakikisha haki hizo zinaheshimiwa.

Kwa hiyo sheria ya haki za binadamu inampa mwenye nchi ufunguo wa nyumba yake, na inamnyima jirani ufunguo huohuo hata akisikia kelele. Hapo pana maumivu ya kweli. Mtu aliyepoteza ndugu zake Rwanda mwaka 1994 hawezi kuambiwa tu kwamba mlango ulikuwa wa wenyewe. Waafrika walilijua hilo walipoandika Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika mwaka 2000. Katika ibara ya 4, aya (g) inakataza nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Aya inayofuata, (h), inaupa Umoja haki ya kuingilia kati pale penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kutoka (g) hadi (h) Kiswahili kimeongeza neno moja tu, kati. Anayeingilia anaingia palipo pa mwingine kwa haja zake. Anayeingilia kati anasimama baina ya panga na shingo. Na mamlaka hayo hayakupewa nchi moja yenye jeshi kubwa. Yako kwa Umoja, kwa uamuzi wa kikao cha wakuu wake. Sidhani kama lugha yoyote iliyoandikwa katika mikataba ile inaitenganisha kazi hiyo kwa neno fupi kama letu.

Nalipenda pia neno mapinduzi, ijapokuwa linanitisha. Visiwani ni sikukuu: tarehe 12 Januari 1964 imetoa jina la serikali ya Zanzibar na la baraza lake, na tangu 1977 limo katika jina la chama kinachotawala Tanzania. Katika taarifa ya habari ya jioni neno hilohilo, likifuatwa na ya kijeshi, ni wanajeshi wanaosoma tamko kwenye televisheni. Lugha nyingine zina maneno mawili, moja la umma uliochacha na jingine la kikosi kilichoamka alfajiri. Sisi tunalo moja. Walau lina uaminifu ambao mabadiliko hayana: limetoka kwenye kupindua, na ile -zi ya mwisho ni ndugu ya -zi ya mlinzi, mjenzi na mkombozi. Haiji bila mtenda. Ukisema mapinduzi umeshakiri kwamba kuna aliyepindua.

Na kupindua kuna dada yake, kupinda. Ukiupinda waya unaukunja bila kuukata. Ukiupindua mtumbwi umeugeuza juu chini. Mzizi ni mmoja. Nilipousoma kwa mara ya kwanza Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 30 Januari 2007, niligundua kwamba waandishi wake walikuwa wameuona mzizi huo pasipo kujua Kiswahili. Ibara ya 23 inataja njia tano za kuingia au kubaki madarakani kinyume cha katiba. Tatu ni za kupindua: wanajeshi dhidi ya serikali iliyochaguliwa, mamluki, waasi wenye silaha. Ya nne ni ya anayeshindwa uchaguzi akakataa kutoka. Ya tano ni kuifanyia katiba marekebisho yanayovunja misingi ya kupokezana madaraka kidemokrasia. Hiyo ya tano ndiyo tunayoiita kila siku kupindisha sheria. Mkataba umeiweka katika ibara moja na mizinga. Anayeipinda katiba na anayeipindua serikali wamekaa benchi moja.

Nchi za Afrika zimeishi kana kwamba ibara ile inaishia kwenye aya ya nne. Bamako 2020 na 2021, Ouagadougou mwaka 2022, Niamey na Libreville 2023: kila mara wanajeshi walipoingia, Umoja wa Afrika uliwasimamisha uanachama, na ulifanya sawa. Wawakilishi wa marais walioondoa ukomo wa mihula kwa kura ya bunge walikaa kwenye vikao hivyohivyo vya kuwasimamisha wenzao. Nasema hili kwa masikitiko: hatuwezi kumkataza kijana mwenye bunduki kupindua huku tukimwachia mzee mwenye kalamu apinde.

Kwamba mambo haya ni ya haki za binadamu, na si ya adabu za kidiplomasia tu, limeshaamuliwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema Novemba 2016 katika shauri lililoihusu Côte d'Ivoire kwamba mkataba ule wa Addis Ababa ni chombo cha haki za binadamu. Na miaka kumi na sita kabla yake Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, ilikuwa imetoa uamuzi ninaouona kuwa mzuri kuliko yote katika somo hili. Dawda Jawara, aliyepinduliwa Gambia tarehe 22 Julai 1994 na kundi la Yahya Jammeh, alipeleka malalamiko yake. Mapinduzi yale hayakumwaga damu. Tume ikasema hata hivyo yalikuwa ukiukaji mkubwa wa haki ya watu wa Gambia kuichagua serikali yao, haki iliyomo katika ibara ya 20. Mlalamikaji alikuwa Jawara, lakini haki iliyotajwa kuwa imevunjwa katika kipengele hicho ni ya watu. Kilichoporwa ni chao; yeye alikuwa amekikalia tu.

Kuna neno jingine ambalo wanasheria wetu lazima walishike kwa mikono miwili, nalo ni uhalali. Baada ya NATO kuipiga Yugoslavia kwa mabomu mwaka 1999 kwa ajili ya Kosovo bila idhini ya Baraza la Usalama, tume huru iliyoongozwa na Richard Goldstone na Carl Tham ilitoa ripoti yake mwaka 2000. Hitimisho lake liliingia katika kila kitabu: vita vile vilikuwa kinyume cha sheria lakini vilikuwa na uhalali. Jaribu kuisema sentensi hiyo sokoni Kariakoo. Kitu ambacho sheria imekikataza ni haramu. Kitakuwaje tena halali? Maneno haya mawili yalikuja kwetu pamoja na dini, yakiwa jozi, na kati yake hapana chumba cha tatu cha kujificha. Wafasiri wanatafuta njia ya kutoka kwa kusema uhalali wa kisheria na uhalali wa kisiasa, au uhalali wa kimaadili. Hizo zinafaa, nami nazitumia. Lakini nauheshimu ukaidi wa Kiswahili hapa. Kinamlazimisha anayetaka kuvunja sheria kwa nia njema aseme wazi kwamba anaivunja, kisha aombe radhi au akubali lawama, badala ya kuubuni uhalali mpya wenye jina linalofanana na ule wa zamani.

Neno lililotugharimu kuliko yote ni raia. Asili yake ni Kiarabu, na maana ya kale ni ya kundi linalochungwa. Kwetu leo lina maana mbili. Raia ni mwananchi, mwenye kura na pasi ya kusafiria. Raia pia ni asiye askari, anayepaswa kunusurika vitani. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1973 kuhusu Libya, kwa kura kumi za ndiyo, tano zikijizuia, hakuna iliyopinga. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon zilipiga ndiyo. Azimio liliruhusu hatua zote zinazohitajika ili kuwalinda raia, na likakataza jeshi la kigeni kuikalia nchi. Raia waliokusudiwa ni wale wa maana ya pili, watu wa Benghazi waliokuwa wakingoja vifaru. Katikati ya Aprili, viongozi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa waliandika kwa pamoja kwamba kazi yao si kumwondoa Gaddafi kwa nguvu, na papo hapo wakaandika kwamba haiwezekani kuiwazia Libya yenye mustakabali Gaddafi akiwa bado madarakani. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliokwenda Tripoli na pendekezo la kusitisha vita haukufua dafu. Oktoba 20 Gaddafi aliuawa Sirte.

Kilichotendeka pale ni kwamba ruhusa ya kumlinda raia asiye na silaha ilitumika kuifanya kazi ya raia mwenye kura. Raia wa kwanza alihitaji ngao, na ngao ilikuwa ya haki. Raia wa pili hakuulizwa. Ndiyo maana kwa Libya situmii kupindua. Mtumbwi hupinduliwa na waliomo, au na wimbi linaloukumba pamoja nao. Situmii hata kuangusha. Neno lake ni kung'oa. Muhogo hung'olewa na aliyesimama juu ya tuta. Kisiki hung'olewa na trekta. Mng'oaji ana nguvu kuliko mizizi, na anapoondoka huacha shimo. Kufikia 2014 Libya ilikuwa na serikali mbili zinazogombana.

Kiswahili kina ukoo mzima hapo. Ng'oa, ng'olewa, ng'oka. Serikali ya Jammeh iling'oka: tarehe 1 Desemba 2016 Wagambia walimchagua Adama Barrow, Jammeh akakubali, kisha tarehe 9 Desemba akageuka. Januari 19 Barrow aliapishwa katika ubalozi wa nchi yake mjini Dakar, majeshi ya jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi yakavuka mpaka, na Baraza la Usalama likaunga mkono juhudi za jumuiya hiyo likisisitiza njia za kisiasa kwanza. Siku mbili baadaye Jammeh alipanda ndege. Wanasheria bado wanabishana kuhusu msingi wa kisheria wa kuvuka kule. Mimi naona tofauti moja isiyobishaniwa: kisiki kilikuwa kimeshakatwa na wenyewe, kwa kura. Jirani alisaidia kukivuta.

Na mwisho kabisa wa ukoo huo, ingawa si wa damu moja, liko neno tulilopewa kutoka Kizanaki: kung'atuka. Mwalimu alilieneza alipouacha urais mwaka 1985. Halina mtendwa. Hakuna anayeweza kumng'atua mwingine kwa mizinga. Mwenye kung'atuka ni yule aliyekikalia kiti, na kitenzi hakikamiliki mpaka ainuke mwenyewe.

Nirudi Uganda nilikoanzia. Waganda waliwaita askari wetu wakombozi, na neno likaingia katika Kiganda kwa kuvishwa ba- yao. Kukomboa kwa asili ni kulipa ili kilichowekwa rehani au aliyetekwa atoke. Anayekomboa mali ya jirani anapaswa kuikabidhi kwa mwenyewe, asikae nayo. Lule aliondolewa baada ya siku 68, uchaguzi wa Desemba 1980 ulipingwa, vita vikarudi hadi Januari 1986, na askari wetu walibaki kule mpaka 1981. Naamini Tanzania ililipa, kwa damu na kwa uchumi wake. Sidiriki kusema kwamba kilichokombolewa kilimfikia mwenyewe mara moja.

Mkataba wa Addis Ababa umeandikwa kwa lugha nne zenye nguvu sawa: Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza na Kireno. Kiswahili hakimo, ingawa tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja huo. Siku moja mtu atakaa mezani kuuandaa kwa Kiswahili, na mwingine kila jioni anakaa mezani kuandaa taarifa ya habari. Nawaomba wote wawili: msituandikie kwamba utawala umebadilika. Andikeni nani ameupindua, au nani amepinda katiba, au ni jeshi la nchi gani limeung'oa. Na kama ni wenye nchi walioiondoa serikali yao kwa kura, andikeni hivyo: watu wameiondoa.